Dimbwi la Lango la Kaskazini

Lachie Purdie alicheza mpira wa kulipwa kwa miaka kumi na tisa, katika klabu saba, na hakuna hata moja iliyolia alipoondoka. Alikuwa beki wa kati wa aina ambayo Uskoti imeizalisha kwa wingi bila kuombwa na yeyote: mrefu, mwekundu wa shingo, mwenye imani kwamba mpira ni kitu cha kuondoshwa karibu, na kwamba mguu wa mpinzani ukiwa njiani, hiyo ni bahati mbaya ya mguu. Timu ya taifa ilimwita mara moja tu. Alicheza dakika nne, akaugusa mpira mara mbili, na mara zote mbili ulitoka nje. Goti lilipomstaafisha alikwenda kozi ya ukocha, akafundishwa kuchora mishale ubaoni, akapewa cheti. Baada ya kufutwa kazi na klabu tatu, aliajiriwa na Invercaddon Rovers, ambao hawakuwa na anasa ya kuchagua.

Ilipofika Machi, Rovers walikuwa wa mwisho katika ligi ya mwisho, na mwenyekiti akamwita. Mwenyekiti alikuwa Bi Senga Rankine, mwenye duka la mazishi lililotazamana na uwanja, mwanamke aliyekwisha kuizika nusu ya mji kwa sauti ile ile ya upole.

"Bwana Purdie," alisema, "tukifungwa na Strathellan Jumamosi, wewe na sisi tutaagana. Usilichukue vibaya."

"Nilichukueje basi, Bi Rankine?"

"Kwa utulivu. Wateja wangu wote hulichukua hivyo."

Lachie alitoka akihesabu wachezaji wake, hesabu isiyochukua muda. Mshambuliaji alikuwa na kadi nyekundu. Nahodha alikuwa kwenye harusi ya dada yake. Kipa, ambaye siku za kazi alikuwa tarishi, alikuwa ameng'atwa kidole na mbwa wa mchungaji. Wote watatu wangekuwa tayari baada ya siku kumi. Kwa hiyo dawa ilikuwa moja tu: mechi isichezwe. Nchini Uskoti jambo hilo kwa kawaida huachiwa mbingu, ambazo hulishughulikia kwa bidii. Refa hufika asubuhi, huudundisha mpira uwanjani, na ukinasa matopeni watu wote hurudi nyumbani. Lakini mwaka ule mbingu ziligoma. Siku kumi na moja mfululizo hapakuwa na tone, na watu wa Invercaddon walitembea mitaani bila makoti, wakiwa na haya kidogo.

Ndipo Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, Lachie alipoingia uwanjani akiwa amevaa koti juu ya pajama, akauburuta mpira wa maji hadi lango la kaskazini, penye udongo mzito kuliko kwingine, akafungua bomba. Akasimama pale saa mbili nzima. Maji yalienea kwa utiifu ambao hakuwahi kuupata kwa mchezaji yeyote. Saa moja alifunga bomba, akaukunja ule mpira, akaenda nyumbani kula mayai kwa hamu ya mtu aliyemaliza kazi.

Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja, na ilikuwa kasoro ambayo mwana wa nchi ile hakustahili kuifanya: alisahau pai.

Huwezi kucheza mechi Uskoti bila pai za nyama wakati wa mapumziko. Timu inaweza kukosa kipa. Na pai za mechi ya alasiri huokwa tangu asubuhi. Isla Geddes, mwenye duka la mikate, alikuwa na pai mia tatu tanurini pale mtunza uwanja, mzee Eck Dinwiddie, alipoingia saa mbili akiwa mweupe kama unga wa dukani.

"Isla, langoni kuna ziwa."

"Ziwa gani, Eck? Mvua iko wapi?"

"Mimi najua? Ningekuwa na bata ningemtia."

Isla aliitazama foleni. Kila Jumamosi asubuhi mji mzima husimama pale kungoja mikate ya soseji. Akaigonga kaunta kwa kijiko cha chuma.

"Nisikilizeni nyote! Refa anafika saa nne. Ninazo pai mia tatu, na wallahi sitazila peke yangu. Nendeni majumbani mkalete uma za bustani, ndoo, matambara, chochote. Asiyekuja, Jumamosi ijayo asije kuniomba mkate!"

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakufika Invercaddon. Lachie aliporudi uwanjani saa tatu, amenyoa, ameshavaa na sura ya huzuni aliyoiandaa kwa ajili ya refa, alikuta watu themanini wameinama langoni. Walichoma ardhi kwa uma ili maji yazame, walikamua sponji ndooni, walimwaga mchanga kwa mikokoteni. Mwalimu wa piano alikuwa akideki eneo la penalti kwa taulo la kuogea.

Aliyemwona kwanza alikuwa Tam Haldane, fundi bomba mwenye miaka arobaini na mitatu, ambaye pia, kwa sababu ya yule mbwa, ndiye angekuwa kipa siku ile.

"Bosi! Njoo uone uchawi huu!" Tam alichovya kidole dimbwini, akakilamba kwa utaratibu wa mtu wa fani yake. "Haya si maji ya mvua. Haya ni ya bomba."

Lachie aliinama akaligusa tope. "Labda bomba limepasuka chini, Tam. Mabomba ya hapa ni ya zamani."

"Ya zamani, ndiyo, lakini niliyalaza mimi. Unasema kazi yangu inavuja?"

"Sikusema hivyo, mwanangu."

"Basi kama si bomba, ni mtu." Tam alisimama wima, na watu waliokuwa karibu wakaacha kuchimba. "Nani anafaidika mechi isipochezwa?"

Lachie aliyatazama mawingu, ambayo hayakuwepo.

"Strathellan!" alisema Isla.

"Strathellan wanaongoza ligi, Isla," mwalimu wa piano aliwaza kwa sauti. "Wanafaidika nini?"

"Wanatuogopa!"

Hoja hii haikuwa na mguu hata mmoja wa kusimamia, ndiyo maana ilienea upesi. Ndani ya dakika tano kila mtu alikuwa na binamu aliyeona gari la Strathellan usiku. Uchimbaji uliongezeka maradufu. Mtu fulani alimtupia Lachie uma.

"Shika, bosi! Tuwaonyeshe hao washenzi!"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lachie alivua koti lake zuri, akaingia dimbwini, akachimba. Alichimba taratibu kwanza, kama mtu anayetumaini kushindwa. Lakini Eck alikuja akachimba ubavuni pake, na ilibidi aende na mwendo wa mzee huyo.

"Unachimba kwa uchungu, Purdie," Eck alisema bila kuinua kichwa.

"Ni uwanja wetu, Eck."

"Mm. Aliyefanya hivi ni mjinga. Angemwagia katikati, pasipo na mteremko, tusingeweza kitu."

Lachie aliendelea kuchimba. "Angejuaje?"

"Angeuliza," alisema Eck, akahamia upande mwingine.

Refa, Bwana Crichton, mwalimu wa hesabu mwenye mwavuli hata siku ya jua, alifika saa nne kamili. Aliudundisha mpira kwenye duara la kati, ukaruka. Aliudundisha kwenye kona, ukaruka. Alifika lango la kaskazini huku watu themanini wakiwa wamezuia pumzi na mmoja akiomba dua iliyo kinyume cha zao. Mpira ulidunda, ukasita, ukaruka kimo cha goti.

"Unachezeka," alisema Bwana Crichton.

Watu walipiga kelele iliyosikika hadi kanisani. Wakamnyanyua Lachie Purdie mabegani, akiwa na matope hadi kiunoni, na katika miaka yake yote ya mpira hilo halikuwahi kumtokea. Picha yake ilipigwa. Sura aliyoivaa ilidhaniwa kuwa ya mtu aliyezidiwa na furaha.

Mechi yenyewe haihitaji maneno mengi. Rovers walilinda lango lao kwa dakika themanini na tatu, kwa njia ambazo Bwana Crichton alizitazama kwa huzuni ya kitaaluma. Kisha beki wa kushoto alimrudishia Tam mpira wa pole, salama kabisa, na mpira ukafika pale ambapo kocha wake alikuwa amesimama alfajiri kwa muda mrefu zaidi, ukazama nusu, ukatulia. Tam aliungoja. Mshambuliaji wa Strathellan hakuungoja. Moja kwa sifuri.

Jioni, Lachie alivuka barabara hadi duka la mazishi akiwa amevaa suti. Bi Rankine alikuwa nyuma ya meza, kati ya vitabu vya picha za majeneza.

"Nimekuja kuagana," Lachie alisema.

"Umefungwa, ndiyo." Alikisogeza kando kitabu kimoja. "Mimi hulala kidogo, Bwana Purdie. Na dirisha langu la juu linatazama lango la kaskazini."

Lachie aliinua macho kuitazama dari.

"Pajama zako zina mistari ya bluu," aliendelea kwa upole. "Saa mbili nzima ulisimama pale kwenye baridi. Niliweka kiti nikatazama. Nikajiambia, Senga, mtu huyu amelipima tatizo lake, amelitafutia njia, ameamka mapema, na ameifuata njia yake mpaka mwisho."

"Ilikuwa njia ya aibu, Bi Rankine."

"Ya aibu kubwa. Na ilishindwa. Lakini nimekuwa mwenyekiti wa klabu hii miaka kumi na mbili, nimeajiri makocha tisa, na huo ndio mpango wa kwanza ambao yeyote kati yenu amewahi kuuandaa kabla ya mechi." Akasukuma karatasi mezani. "Nakuongezea mwaka."

"Na watu? Wanaamini ni Strathellan."

"Mwalimu wa piano na Isla Geddes hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya mume wa Isla. Leo walikamua taulo moja pamoja. Ukienda kuwaambia ukweli, nitakufukuza kweli."

Lachie alitia sahihi. Mkono ulikuwa bado na malengelenge ya uma, na jina lilitoka limepinda.

"Jumamosi ijayo tunacheza ugenini," alisema Bi Rankine, akikausha wino. "Una mpango?"

Lachie alifikiri kwa uaminifu wote aliobakiwa nao. "Bado."

Bi Rankine aliliweka kando jeneza la mwaloni lenye vishikio vya shaba, ukurasa wa arobaini, akafungua daftari jeupe.

"Kaa basi," alisema. "Uwanja wao una mteremko upande gani?"