Mama Mwenye Anaandikwa kwa Acte

Mama Julie, jirani wa Godelive kule Bungulu, anasema njo yeye wa kwanza aliona. Ilikuwa siku ya tatu ya juma, jua inaenda kuingia, na yeye anatwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya mulango. Musichana wa miaka kumi na mbili, na jupe ya bleu na shemizi nyeupe ya masomo, aliingia mu parcelle, kiwanja ya Godelive, bila kubisha. Alimimina maji ya bidon mu basani, aliita Victoire, mutoto wa Godelive, kwa jina, na alianza kumunawisha miguu. Mama Julie alimusalimia. Musichana aliitika vizuri. Basi Mama Julie aliendelea na kutwanga, juu sombe haingojake mutu.

Godelive alipotoka soko alimujua palepale. Ni Antoinette, yaya yake, dada yake mukubwa, mwenye alikufa na homa kule Musienene miaka kumi na tano imepita. Godelive sasa iko na miaka makumi mbili na sita. Yaya yake alibakia na kumi na mbili.

"Karibu, yaya," alisema, na akamuletea kiti.

Alijua sababu yaya yake alirudi. Antoinette alikufa juma tatu mbele ya examen ya mwisho ya primaire, na majina ya batoto ilikuwa imeisha kutumwa. Papa yao, Syauswa, alisema nafasi haiwezi kupotea bure. Bakamuzika asubuhi mapema, bila kilio, ili mwalimu asisikie. Na Godelive, mwenye alimufuata kwa kuzaliwa, akaenda kukaa ku banc, akafanya examen na jina ya yaya yake. Alipita. Tangu pale karatasi yote ilifuata ile ya kwanza: certificat, carte ya électeur ya kupiga kura, mpaka acte de naissance, karatasi ya kuzaliwa ya mutoto wake Victoire. Mama: Antoinette.

Mwaka huu alichoka kuitika jina ya mufu. Alienda kwa tribunal ya Butembo, bakamurudishia jina yake. Juge hakuuliza ile ingine ilikuwa ya nani. Siku ile ile jina ilirudi kwa mwenyewe, na vitu vyote vyenye vilikuwa chini yake viliifuata. Picha ya carte iligeuka sura ya musichana. Certificat ilitoka mu valise ya Godelive, ikaonekana mu mufuko ya ile shemizi nyeupe. Na Victoire, mwenye miaka ine, akiita "mama", alikuwa anaangalia upande ya Antoinette.

Godelive alipeleka jugement ya tribunal ku bureau ya état civil, kwenye banaandika kuzaliwa na kufa. Agent pale alikuwa Cyrille, mutu alitumwa kutoka Kasaï. Alisoma mara mbili.

"Jugement iko bien. Lakini mama mwenye anaandikwa kwa acte njo atakuja kusaini kusema mutoto hapana wake."

"Alisha kufa, papa," Godelive alimujibu.

"Acte ya kufa iko wapi?"

Haikuwako.

Kesho yake bakakuja batatu, Godelive, Antoinette na Victoire. Cyrille aliangalia carte, akaangalia uso.

"Njo wewe Antoinette?"

"Njo mimi."

"Mama kijana hivi?"

"Papa Cyrille, unaonea ujana yake wivu?" mama mumoja alisema mu mulongo, na batu bakacheka.

Antoinette alishika kalamu ya bic, kisha akaiweka chini.

"Nikisaini, nitabakia na nini? Examen balinifanyia. Kilio hakuna mutu alinililia. Muandike kwanza kama nilikufa. Hapo nitaacha vyote, na mutoto pia."

"Kufa inaandikwa na témoin, shahidi mwenye aliona," Cyrille alisema. "Papa yako akuje aseme." Halafu alichukua mukono ya Victoire, akaupatia mwenye anaandikwa kwa acte, na akaita mutu mwenye alifuata.

Siku ya mungu, siku ya kusali, bakapanda Musienene. Syauswa alikuwa mbele ya nyumba, anachambua maharagi mu lungo. Siku hizi yeye njo président wa komite ya bazazi ba banafunzi ku masomo ile ile yenye Antoinette alisomaka. Alimuangalia Antoinette.

"Umekonda. Ulikula?"

"Hapana, papa."

Godelive akamueleza yote. Alipiga magoti mbele yake.

"Papa, sema tu kama yaya alikufa. Mutoto wangu hanijue tena. Jana usiku alilia, na mimi nikamushika, akaniita mama mudogo."

"Nani alikufa hapa?" Syauswa alisema. "Si huyu anasimama? Munataka masomo yote inicheke?"

Antoinette alikaa chini karibu na lungo. Victoire alikuwa amelala mu mugongo yake, mwenye kufungwa na kitenge ya Godelive. Alisaidia papa yake kuchambua kidogo, juu alikuwaka mutoto wa kupenda kazi.

"Papa," alisema, "nililieni siku moja tu. Hata kama ni nusu siku. Kisha nitarudisha mutoto wa mwenzangu."

Syauswa alipata jiwe moja, akalitupa. Alichota maharagi ingine mu mufuko, akajaza lungo tena, kama mutu mwenye hakusikia.

"Papa?" Antoinette aliita.