Pampu Iliyokohoa Ukutani

Mchoraji wa karakana ya pampu za maji alikuwa na mkono mwepesi. Kwa siku tisa alichora pampu kwenye kompyuta, mistari mitupu, ile ambayo hata ukiivuta karibu vipi haifanyi ukungu. Ukibonyeza, mchoro unaomulikwa kwa projekta unasogea ukutani kutoka mota hadi shafti, kutoka shafti hadi beringi linaloishikilia izunguke, kama mgeni anayetembezwa nyumba chumba kwa chumba.

Alimwonyesha wifi yake, dada wa mumewe, fundi mkuu wa karakana hiyo. Wote walimwita Masikio, maana aliujua ugonjwa wa pampu akiwa bado mlangoni.

"Mzuri mno, wifi," Masikio alisema akifuta grisi vidoleni. "Ila ni bubu. Beringi likichoka halibadiliki sura, linapiga kelele. Hao wanafunzi wa ufundi wanaokuja Jumatatu watajuaje?"

Neno hilo lilimkaa mchoraji moyoni. Wiki nzima wakaonekana wakizunguka uani, Masikio mbele, mchoraji nyuma na simu mkononi, wakirekodi pampu zenye afya na zilizo mahututi. Walipiga na video ya mikono ya Masikio ikikaza nati. Kisha mchoraji akaweka vijisanduku ndani ya mchoro, kila kimoja akakifunga na sauti au video yake: ukifika kwenye beringi, mlio unaanza, ukiondoka, unanyamaza. Masikio aliposikia beringi likilia palepale lilipochorwa, alipiga kigelegele.

Jumatatu asubuhi wanafunzi kumi na mmoja walikaa mabenchini. Mchoro ukafika kwenye beringi. Kimya. Mchoraji akabonyeza tena. Kimya, na kijisanduku cheusi tii. Ndipo alipokumbuka kwamba kwenye flashi alibeba mchoro peke yake. Sauti na video alikuwa ameziacha nyumbani.

"Wifi, nimekuaibisha," alinong'ona.

"Aibu ya nini? Wewe sogeza tu." Masikio akasimama, akavuta pumzi. "Ngrrr-ka! Ngrrr-ka! Hilo beringi limechoka." Mchoro ukaenda kwenye bomba. "Fyuuu-pwa! Hapo inavuta hewa."

Wanafunzi wakashika mbavu. Msichana aliyekaa mbele akanyoosha mkono. "Mama, rudia hilo la pili." Akarudia, nao wakamwiga, kila mtu na lake. Mtunza stoo akachungulia mlangoni.

"Kuna nini humu?"

"Maberingi kumi na moja yamekufa kwa mpigo," Masikio akamjibu.

Saa ya mapumziko mchoraji alikimbia nyumbani, akarudi na mafaili yote, akayaweka folda moja na mchoro. Safari hii ukuta ulinguruma kwelikweli. Kabla Masikio hajafungua mdomo, yule msichana akasema, "Beringi." Mlio ukabadilika. "Na hapo inavuta hewa." Masikio akamkonyeza wifi yake.

Jioni, wakifunga madirisha, mchoraji alisema anataka kuongeza kijisanduku kingine, cha sauti ya Masikio.

"Unirekodi ninavyonguruma? Kaka akisikia atasema ndivyo nilivyokoroma utotoni."

"Nitamwambia ni pampu."

Walirekodi mara tatu, kwa sababu mbili za kwanza ziliharibiwa na vicheko vyao.