Duara la Mmea wa Chumvi

Mara mbili Rumaisa alijaribu kuusoma mmea wa chumvi, na mara mbili alikwama. Alizaliwa kisiwani Pate, akasomea mimea bara, na sasa alikuwa amerudi na mwenzake Chelangat na kifaa cha kusoma DNA kisichozidi ukubwa wa simu. Walitafuta jenomu, yaani DNA yote iliyofungana kama duara, ya kloroplasti, zile chembe za kijani ambamo mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mmea wenyewe uliota kwenye uwanda mweupe wa chumvi nyuma ya bandari ya Mtangawanda, pakavu kama jangwa, ambapo hata nyasi zilishindwa. Hakuna aliyewahi kuusoma.

Lakini kila walipoyasaga majani, ulitoka ute mzito ukaiharibu DNA yote. Dawa za maabara zilizobaki zilitosha jaribio moja tu.

Adhuhuri hiyo shangazi yake, Bi Kadija, aliwaletea chakula katika darasa waliloazimwa wakati wa likizo. Akauchungulia ule ute.

"Mayani haya mwayakata na kuyasaga papo hapo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ndipo yakawa hivi! Sisi tukitaka kuyapika, hung'oa mmea na mizizi yake, tukautia kwenye mayi matamu, si ya chumvi, tukaufunika gizani siku mbili. Ute wote huisha."

Rumaisa akautazama ute ule. Gizani! Mmea ukikosa jua hula akiba yake wenyewe, na ute ndio akiba hiyo. Alijua hilo tangu chuoni, na hakulifikiria. Akaukamata mkono wa shangazi yake, akaubusu.

Wakang'oa mmea mwingine, wakaufanya vivyo hivyo, na siku ya tatu wakayasaga majani yake. Maji yakatoka mepesi, safi. Kifaa kikasoma kutwa, na asubuhi iliyofuata Chelangat akaanza kuunganisha vipande kwenye kompyuta.

"Vipande arobaini," akasema. "Tisa. Rumaisa, njoo! Vimebaki viwili!"

Rumaisa akainama kando yake. Mstari ukajipinda kwenye skrini, ncha ikakutana na ncha: duara kamili, herufi zaidi ya laki moja na nusu.

"Limefunga! Halina pengo hata moja!"

Wakakumbatiana, wakaruka mpaka madawati yakasukumana. Bi Kadija akaja mbio na fimbo.

"Nyoka yuko wapi?"

"Hakuna nyoka, shangazi! Tumeusoma mmea wako, wote!"

"Alhamdulillahi! Na huo mmea umewaambia nini?"

"Bado. Sasa ndipo tutaanza kuuliza." Rumaisa alikwisha kukaa, akijaza orodha ya walioshiriki. "Nipe jina lako kamili."

Bi Kadija akaiweka fimbo chini, akajitengeneza ushungi.

"Kadija Abdulwahid. Na uliandike vyema."