Nakala Namba Nne

Asubuhi ile nilikuwa mnunuzi mkuu wa gazeti langu mwenyewe. Kufika saa mbili nilikuwa nimepita kwa wauzaji kumi na saba, nikiwapokonya nakala ambazo jana yake nilikuwa naomba Mungu ziishe zote. Mama mmoja anayeuza magazeti mlangoni pa benki alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Mhariri, humu ndani umejitukana nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni kosa la uchapaji tu, nikabeba mzigo wake wote nikaondoka. Nyuma nilimsikia akimwambia mteja wake kwamba wasomi nao wakichoka huchoka kweli.

Gazeti hili nimelianzisha mimi. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye gazeti la watu. Nilianzia kurasa za michezo, ingawa mpira wenyewe siujui hadi leo, nikaishia dawati la uchunguzi. Siku mwenye gazeti aliponiambia niachane na habari moja kwa kuwa mhusika ni mwenzake wa karata, nilimpa vidonge vyake, nikachukua mkoba wangu. Nikakodi chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, nikaweka kompyuta mbili na meza ya kulia ya marehemu mama yetu. Watu walinipa miezi mitatu. Huu ni mwaka wa tisa, tunatoka kila Ijumaa, na mimi ni mwandishi, mhariri, mwenye kampuni, na taa zikizimika ni fundi umeme pia.

Nina hasira za karibu na nina sheria mbili. Ya kwanza, hatumtaji aliyetupa habari, hata mbele ya hakimu. Ya pili, ukurasa hautoki na shimo. Nafasi tupu kwenye gazeti hunitia wazimu, naiona kama jino lililong'oka kwenye mdomo wa bibi harusi. Nimewahi kurusha stepla ukutani kwa sababu ya nafasi ya vidole viwili. Kila mtu ofisini anaijua hadithi ya stepla, na hata alama yake bado ipo ukutani.

Habari yenyewe niliipata nyumbani, kwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Ni mtunza bohari wa mamlaka ya maji, yeye ndiye anayetoa dawa za kusafishia maji kutoka stoo na kuzipeleka maabara. Jumapili alikuja kwangu peke yake, akakataa chai, akatoa kifuani picha ya barua iliyochapwa kwenye karatasi. Maabara yao ilikuwa imewaandikia wakubwa kwamba maji ya mtambo mmoja hayafai kunywewa, miezi minne sasa, na chini yake mkurugenzi alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Jambo hili libaki humu ndani."

"Shemeji, hako kanamba ka chini ukakate," aliniambia. "Kila nakala tuliyogawiwa ina namba yake. Ikivuja wanajua imevujia kwa nani."

Nikakaona. Kalikuwa pembeni kabisa, kwa wino wa zambarau: 4. Jumatano nilisimama nyuma ya mpangaji wetu wa kurasa, mtu tunayemwita Rula kwa jinsi anavyopenda mistari, nikahakikisha ameikata picha ya barua mpaka namba haionekani. Nikaenda zangu nyumbani nikalala usingizi wa mtoto mchanga.

Ijumaa alfajiri nakala yangu ililetwa mlangoni kama kawaida. Nilifungua ukurasa wa tatu na kikombe mkononi. Barua na jedwali lake la vipimo ilikuwa imejaa ukurasa mzima, nzuri, inasomeka, na chini pembeni, kubwa kama kidole gumba changu, namba nne.

Nilimpigia Rula. Sikumbuki nilianza na neno gani, ila halikuwa la heshima.

"Bosi, tangazo la magodoro lilitolewa jana dakika ya mwisho," alisema. "Pakabaki shimo. Ulikuwa hupatikani kwenye simu, na kiwanda cha uchapaji kilikuwa kinatusubiri sisi tu. Si wewe mwenyewe husema ukurasa hautoki na shimo? Nikairudisha picha ilivyokuwa mwanzo. Ikaenea."

Ikaenea! Nilitafuta cha kumtukania nikakosa. Alikuwa amenisikiliza kwa miaka tisa, na siku ile alifanya nilichomfundisha.

Tovuti niliifunga kabla sijavaa viatu. Rula nilimtuma kwa msambazaji azuie mizigo ya mikoani, mimi nikachukua wauzaji wa mjini. Mdogo wangu alipiga simu nikiwa njiani. Alikuwa ameliona gazeti dukani.

"Dada, watamkamata?" akauliza. "Niambie ukweli. Nina watoto watatu, dada."

"Niachie mimi," nikamwambia. Ni maneno niliyomwambia tangu tukiwa wadogo, na siku zote aliyaamini. Safari hii alikata simu.

Saa mbili na nusu gari langu lilikuwa limejaa magazeti mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Karatasi za kuchapa upya kiwandani hazikuwepo hadi wiki ijayo. Watu watakunywa maji yale wiki moja zaidi, nikajisemea, wamekunywa miezi minne, wiki moja ni nini. Nilijisikia nikisema hivyo ndani ya gari, peke yangu, na nikajionea aibu. Lakini sikupunguza mwendo.

Zilikuwa zimebaki nakala tano ambazo mamlaka ya maji yenyewe hupelekewa kila wiki. Nilifika pale nikiwa nimetota jasho, nikaacha gari uani, nikakimbilia ngazi. Shemeji alikuwa amesimama kwenye kona ya ngazi, kama aliyekuwa ananisubiri. Nilitegemea kumkuta analia au amekimbia. Alikuwa ametulia, ameshika orodha yake ya stoo.

"Zimeshafika," alisema kwa sauti ya chini. "Mkurugenzi amesoma tangu saa moja."

"Nisamehe, shemeji. Nisamehe sana. Mimi ndiye—"

"Tulia. Namba nne si yangu. Yangu ni namba saba, iko kwenye faili langu, wameikagua wakaikuta."

Nilishika ukuta kwa furaha. Nasema kwa furaha, sitaki kujipamba. Ilinichukua muda kuuliza swali ambalo mwandishi wa mwaka wa kwanza angeliuliza papo hapo.

"Sasa ni ya nani?"

Akatazama orodha yake. "Ya mama wa maabara. Nilikwenda kupeleka dawa, nikaikuta mezani kwake, mwenyewe katoka. Nikaipiga picha, nikaiacha pale pale. Nilijua utaikata, shemeji. Ungeikata, nani angejua?"

"Kwa hiyo yeye yuko wapi?"

"Ndani. Wako naye." Hapo akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Sikiliza. Mlango wa maabara una funguo mbili tu, wake na wangu. Ukisema siye yeye, umesema ni mimi. Barua ya siri ni kifungo, shemeji. Fikiria mdogo wako."

Katibu muhtasi alitokeza mlangoni, akaniona. "Mhariri! Bora umekuja mwenyewe. Mkurugenzi alikuwa anataka akupigie."

Nikaingia. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya meza, gazeti langu limefunguliwa ukurasa wa tatu. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mama mwenye umri wa kustaafu, koti jeupe, miwani imefungwa kamba shingoni. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilimjua kwa saini tu, iliyokuwa chini ya barua: yeye ndiye aliyepima maji yale, yeye ndiye aliyeandika kwamba hayafai. Mtu pekee katika jengo lile aliyekuwa amesema kweli kwa jina lake mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye kiti kile.

"Nina swali dogo," mkurugenzi alisema. "Huyu mama ndiye aliyekupa barua?"

"Mwambie, mwanangu," yule mama akasema kabla sijapumua. Wala hakuwa na wasiwasi. "Hata sikufahamu. Mimi niliandika kwa wakubwa zangu, kama utaratibu unavyosema. Mwambie tu tumalize, nina sampuli kwenye friji."

Neno lilikuwa mdomoni: Hapana. Nilihisi hata ulimi umeshakaa tayari. Halafu akilini nikamwona mdogo wangu na simu mkononi, amesimama dukani na wanawe.

"Sisi hatumtaji aliyetupa habari," nikasema.

"Sijakuomba umtaje mtu. Nimekuuliza kama ni yeye. Ndiyo au hapana."

"Siwezi kujibu."

Mara mbili maishani nimesema maneno hayo, mara moja mahakamani na mara moja kituo cha polisi, na mara zote mbili nilitoka kichwa juu, wenzangu wakanipigia makofi. Siku ile nilisema vile vile, neno kwa neno, na nilikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwandika.

Mkurugenzi akafunika kalamu yake. "Amejibu," akasema.

Mama wa maabara alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayesoma kipimo ambacho hakikubaliani na alichotarajia, na nadhani alielewa zaidi ya mkurugenzi. Angenitukana ningeshukuru. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaweka ufunguo juu yake mezani. Mkurugenzi alimwambia barua yake ya kuachishwa ataipata kabla ya mchana, na kuhusu polisi wataona. Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Nikamfuata, sijui kwa nini, pengine nilitaka anitukane huko nje.

Shemeji hakuwepo tena kwenye kona ya ngazi.

Yule mama alisimama, akavaa miwani. "Lile jedwali la vipimo," aliniuliza, "mlilichapa lote? Safu ya mwezi wa tatu hasa. Ile ndiyo mbaya."

"Lote, mama."

"Hamkukosea tarakimu?"

"Hatukukosea."

"Na watu wamesoma?"

Kupitia dirisha la ngazi gari langu lilikuwa linaonekana pale uani, limelemewa mpaka matairi ya nyuma yamebonyea.

"Wamesoma, mama," nikamwambia.

"Basi afadhali," akasema, akashika reli, akaanza kushuka ngazi moja moja.