Dakika ya Sekunde Sitini na Moja

Mwanzia alijua kwamba mwaka wa 2016 ungeisha kwa dakika yenye sekunde sitini na moja, na kwamba sekunde hiyo ya ziada, inayoongezwa mara mojamoja ili saa zilingane na mzunguko wa dunia, ingeweza kuigandisha kompyuta inayofungua mabomba ya maji pale mtaani Kabiro, Nairobi. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu atoke chuoni, na bado alikuwa katika kipindi cha majaribio. Aliitenga kompyuta na saa ya mtandao, akasubiri mwaka ugeuke, akaiunganisha tena, kisha akaenda kanisani kushukuru.

Asubuhi mabomba yalikuwa makavu. Foleni ya mitungi ilifika barabarani.

"Niaje, fundi wa masaa!" jirani yake Mourine alimkejeli. "Leo tunaoga na sekunde?"

Mwanzia alifungua kumbukumbu za kompyuta, akakuta iliganda saa tisa kamili usiku. Sekunde ile iliongezwa mwaka ulipogeuka Greenwich, Uingereza, na wakati huo Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. Yeye alikuwa amelinda saa sita usiku.

"Sekunde moja tu, Mwanzia?" aliuliza meneja, Bi Kageha, akinyoosha mkono apewe funguo za chumba cha kompyuta.

"Madam, ikija nyingine sitakosea."

Kila Januari na Julai Mwanzia husoma tangazo la sekunde za ziada. Hadi leo haijaja nyingine.