Ngumi Kwenye Kiganja

Karakana ya mabati alikofanya kazi kaka yangu ilikuwa na kelele hata watu wakawa wanasemezana kwa mikono. Ngumi kugonga kiganja: zima mashine. Siku mashine ya kukatia ilipomla mwenzao vidole, kaka alipanda juu ya benchi akagonga, karakana nzima ikanyamaza, na meneja akalazimika kusikiliza. Sala? Alikuwa akisema magoti yake ni ya kukandamizia bati tu.

Kisha akaanza kuanguka kifafa. Akizinduka, machozi yanamtiririka, uso umenawiri kama wa bwana harusi. Siku moja tukiwa mezani akagonga ngumi kiganjani. Tukanyamaza.

"Anaongea," akanong'ona.

"Nani?"

"Aliyeniumba. Mna kelele mno nyie."

Baadaye akamwendea meneja, yule yule wa vidole, akambusu mkono na kumwomba radhi kwa siku ile ya benchi. Meneja akaibandika picha ya kaka ukutani: mfanyakazi mwenye adabu. Sijasahau.

Daktari alituonyesha uvimbe ubavuni mwa ubongo. "Huu ndio unaoongea. Usipotolewa utamuua."

"Daktari," kaka akauliza kwa upole, "ukinigusa ubongo nikasikia harufu ya mkate, ndiyo kusema duniani hakuna mkate?"

Daktari akacheka. Mimi sikucheka.

Nje, mke wake akanivuta kando. "Usimsukume akapasuliwe, shemeji. Miaka yote niliolewa na mkutano wa hadhara. Sasa nina mume. Ananiuliza nimelalaje."

"Huyo mume atakufa."

"Najua." Akapangusa macho. "Basi wamkate. Ila usije ukaniambia umenirudishia mtu."

Walimkata, uvimbe ukatoka wote, daktari akajisifu. Kaka anakula, anafagia uwanja, haanguki tena. Hasali. Wala hamuulizi mkewe amelalaje.

Juzi mashine ile ile, ambayo hadi leo haina kinga, ilimla kijana mwingine mkono. Nikaenda kumweleza kaka.

"Pole yake," akasema, kama aliyeambiwa kuna mawingu.

Nikagonga ngumi kiganjani mbele ya macho yake. Nikagonga tena, kwa nguvu.

Akautazama mkono wangu. "Unakuuma?"

Jikoni, shemeji alikuwa ameshafunga bomba, amesimama na sahani mkononi, anasubiri. Nyumba nzima ikanyamaza. Hakuna aliyeongea.