Karatasi Niliyokataa Kuichoma

Mimi sijui kusoma, na Fu-sen, mdogo wa marehemu mume wangu, hakuchoka kunikumbusha. Kila asubuhi nikipita na vikapu begani kukusanya karatasi zenye maandishi, aliwaambia wenzake eti shemeji yake anabembeleza karatasi kama vitoto na hajui zinasema nini. Hapa kijijini kwetu Meinong maandishi hayakanyagwi wala hayafungiwi samaki. Yanapelekwa kwenye mnara wa matofali, yanachomwa kwa heshima. Kazi hiyo niliirithi kwa mama mkwe.

Mume wangu alipofariki, hata machozi hayajakauka, Fu-sen akaja na wosia. Eti shamba la tumbaku kaachiwa yeye, na sahihi ya kaka yake hiyo hapo chini. Wazee wakausoma, wakanionea huruma, basi. Nikabaki na chumba cha nyuma na hasira zangu.

Siku moja akasafisha kabati, akanitupia furushi kikapuni. Jikoni kwake hakuthubutu kulichoma, aliogopa laana.

"Kachome, shemeji. Wewe utajuaje ni nini?"

Mjinga yule! Jina la mume wangu nalijua. Aliliandika mwenyewe ubavuni mwa vikapu hivyo hivyo ninavyobeba. Nilipofungua furushi mnarani nikaliona jina hilo mara thelathini kwenye karatasi moja, la kwanza limepinda, la mwisho sawasawa na lake marehemu. Nilitaka kumuua, nawaambia kweli. Nikaikunja, nikaificha kifuani miezi minne.

Siku ya kupeleka majivu ya karatasi mtoni, kijiji kizima kimesimama mbele ya mnara, niliitandaza juu ya meza ya ubani, nikamwomba Fu-sen, msomi wetu, atusomee. Akasawijika. Mkono ulinyanyuka kuinyakua, ukarudi. Nani athubutu kuchana maandishi mbele ya meza ile? Mzee Liu, msimamizi wa mnara, akaisoma yeye, kisha akaagiza wosia uletwe, akalinganisha sahihi mbele ya watu wote. Kabla jua halijazama shamba lilikuwa langu.

Sasa ni mwaka wa sita. Karatasi iko kwenye fremu ukutani kwangu, inatazama mlango. Jana Fu-sen alikuja, akapiga magoti.

"Shemeji, ichome. Nimeshaomba radhi. Wanangu wanachekwa."

"Nitaichoma siku ya kukuzika," nikamwambia. "Kwa heshima zote."